Kete, Mtaji na Uzururaji: Uhakiki wa Unyanyapaa dhidi ya Wachezaji wa Bao, Drafti na Karata katika Kariakoo, Dar es Salaam

IKISIRI

Makala hii inahakiki namna lugha, sheria na kauli za viongozi zinavyomjenga mchezaji wa michezo ya mezani na barazani kuwa mvivu, mhuni au mtu wa ushirikina. Eneo la mjadala ni Kariakoo na mitaa ya kati ya Dar es Salaam, na matini zinazohakikiwa ni msamiati wa michezo yenyewe, Azimio la Arusha, sheria za uzururaji na kauli za umma kuhusu kazi. Kwa kuongozwa na dhana ya unyanyapaa ya Goffman (1963), makala inadai kwamba kinacholaaniwa hasa ni mwili wa kijana maskini uliokaa hadharani mchana, na mchezo hutumika kama ushahidi wa kosa lililokwisha kuamuliwa. Inahitimishwa kwamba uhakiki wa fasihi na utamaduni wa Kiswahili unapaswa kuuchukulia mchezo kama matini yenye kanuni, istilahi na ubunifu wake.

1.0 Utangulizi

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jina hilo linabeba historia ya watu wanaongoja mizigo, na mpaka leo shughuli za eneo hilo zinategemea watu wa namna hiyo: wapagazi, wasukuma mikokoteni, madalali na vibarua wa kupakua malori. Katika vipindi vya kungoja ndipo huonekana ubao wa drafti uliochorwa kwa mkono na kuchezwa kwa vizibo vya soda, karata zilizochakaa, dhumna, na pembeni ya muuza kahawa, bao lenye watazamaji wengi kuliko wachezaji.

Mahali hapo huitwa kijiwe. Neno hili limekua kimaana kutoka mahali pa kukaa hadi kuwa hukumu ya kitabia: “mtoto wa kijiweni” ni tusi hata pale ambapo anayetukanwa ameamka alfajiri kushusha magunia. Swali linaloongoza makala hii ni hili: kwa nini mchezo uleule uonekane hekima kwa mzee aliyestaafu na uhuni kwa kijana anayengoja kazi?

2.0 Kiunzi cha Kinadharia

Goffman (1963) anaufafanua unyanyapaa kama uhusiano kati ya sifa fulani ya mtu na dhana iliyogandishwa kuhusu watu wa aina yake. Sifa yenyewe haina aibu mpaka jamii iipe maana. Cohen (1972) anaongeza kwamba jamii hupitia vipindi vya hofu ya kimaadili, ambapo kundi fulani hufanywa kielelezo cha maovu yote ya wakati huo. Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani katika miaka ya 1980. Huko mchezo wa kuigiza wahusika wa kubuni uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974, ulishutumiwa na baadhi ya wazazi na wahubiri kwamba unawafundisha vijana uchawi na kuwasukuma kujiua. Wachezaji wake walikuwa wakikaa mezani na kusimuliana hadithi kwa kufuata kanuni na dadu.

Mfano huo unafaa kwa ulinganisho mmoja tu. Nchini Marekani, hofu iliwalenga vijana wa tabaka la kati waliojifungia vyumbani na kuwaza kupita kiasi. Katika Dar es Salaam, hofu imewalenga vijana maskini walioko nje, wanaodhaniwa hawawazi lolote. Michakato inafanana, lakini tabaka na mahali hubadilisha shtaka. Kwa sababu hiyo, uhakiki hauna budi kuanzia katika matini za hapa.

3.0 Unyanyapaa katika Msamiati

3.1 Kupiga bao

Kiswahili kinalitumia neno bao kwa mchezo wa kete na pia kwa uaguzi: kupiga bao ni kutazamia mambo ya ghaibu, kazi inayokaribiana na kupiga ramli. Maana hizi mbili hazimfanyi mchezaji kuwa mganga, lakini zinaacha upenyo wa shaka. Yeyote anayetaka kuuhusisha mchezo na ushirikina hukuta lugha imekwisha kumwandalia daraja. Hali kama hiyo inaonekana katika neno kete, ambalo katika lugha ya mitaani limekuwa pia jina la kipimo cha dawa za kulevya. Kijana anayesema ana kete mfukoni anaweza kueleweka kwa namna mbili, na ni dhahiri ni namna ipi askari atakayoichagua.

3.2 Karata tatu

Karata zina mzigo mzito zaidi. Utapeli wa karata tatu, ambapo mpita njia hushawishiwa kubashiri karata moja huku washirika wa mchezeshaji wakijifanya wateja walioshinda, ni sehemu ya sifa mbaya ya mitaa ya sokoni. Utapeli huu ni halisi na umewafilisi watu. Hata hivyo, unafanana na mchezo wa karata kwa kifaa tu. Katika karata za kijiweni wachezaji wanajuana, kanuni ni moja kwa wote, na anayeiba hutengwa. Katika karata tatu hakuna mchezo, kwa kuwa mmoja wa wahusika hajui kwamba matokeo yamepangwa. Dhana iliyogandishwa inafuta tofauti hiyo.

Inashangaza kwamba lugha ya siasa imeyakopa maneno yaleyale bila aibu. Magazeti huandika kwamba kiongozi fulani “amechanga karata zake vizuri” au “amebaki na turufu moja”. Ustadi wa karata unasifiwa unapohamishiwa ikulu na bungeni, na unalaaniwa unapobaki barazani.

3.3 Mtaji

Ushahidi mzito zaidi umo katika neno mtaji. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, mchezo huanza kwa awamu ya namua, ambapo kila mchezaji huingiza kete moja moja kutoka katika akiba ya kete 22. Kete hizo zikiisha huingia awamu ya mtaji, na mtaji ni pia jina la hatua inayomwezesha mchezaji kula kete za mwenzake. Asiye na mtaji hulazimika kutakata, yaani kuzungusha kete zake mwenyewe bila kupata kitu, akisubiri nafasi. Ana nyumba ya kulinda, na lazima aamue kama ataivunja sasa au ataitunza.

Mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo hahitaji kuelezwa zaidi. Kuingiza akiba kidogo kidogo, kuzungusha bidhaa bila faida ili usitoke sokoni, kulinda nyumba mpaka wakati wa kuivunja: huu ndio mwendo wa maisha yake. Makala hii haidai kwamba bao hufundisha biashara, kwani hilo lingehitaji ushahidi mwingine. Inadai jambo dogo lakini la msingi zaidi: lugha ya Kiswahili inaviona kete na soko kuwa vinafikirika kwa istilahi moja. Hukumu kwamba mchezaji wa bao “hajui maana ya mtaji” inakanushwa na neno lenyewe.

4.0 Unyanyapaa katika Siasa na Sheria

4.1 Uvivu kama kosa la kitaifa

Azimio la Arusha la mwaka 1967 linataja kwamba nguvu za wanaume vijijini na za wanawake mijini zinazopotea katika soga, ngoma na ulevi ni hazina ambayo ingeliletea taifa maendeleo. Sentensi hiyo haiutaji mchezo wa bao, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kuwa mpenzi wa bao. Lakini mantiki yake ndiyo iliyotawala baadaye: saa isiyozalisha ni saa iliyoibwa.

Mantiki hiyo ina mgongano wa ndani. Geiger (1997) ameonesha jinsi vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, kama vile vya lelemama, vilivyokuwa mtandao wa kuwaandikisha wanachama wa TANU chini ya uongozi wa Bibi Titi Mohamed. Muda wa ngoma ulikuwa muda wa kulijenga taifa kabla taifa halijawa na ofisi. Chama kilichokua kwa msaada wa starehe za mjini kilikuja kuziita starehe hizo upotevu. Baraza la bao lina historia inayofanana na hiyo kwa kuwa ni mahali pa habari, usuluhishi na mjadala.

4.2 Kutoka wahuni hadi wazururaji

Burton (2005) anafuatilia namna serikali ya kikoloni ilivyowaona vijana wasio na ajira rasmi Dar es Salaam kuwa wahuni wanaostahili kurudishwa vijijini. Uhuru haukuifuta dhana hiyo. Operesheni Kila Mtu Afanye Kazi ya mwaka 1976 na Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ziliendeleza misako na uhamishaji. Mwaka 2016, Rais John Magufuli, ambaye kaulimbiu yake ilikuwa “Hapa Kazi Tu”, aliwaagiza wakuu wa mikoa wasiwaache vijana wacheze pool saa za kazi. Meza ya pool ilichukua nafasi ya kijiwe cha zamani, na shtaka likabaki lilelile.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vya 176 na 177, inarithi kutoka sheria za Waingereza makundi ya wazembe na wazururaji. Miongoni mwao kuna anayecheza mchezo wa kubahatisha kwa fedha mahali pa hadhara. Bao na drafti si michezo ya kubahatisha: hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa, na matokeo hutokana na hesabu. Lakini mtu akishawekwa katika kundi la wazururaji, tofauti ya aina ya mchezo haimsaidii barabarani. Hapa ndipo unyanyapaa unapoacha kuwa suala la maneno na kuwa suala la uhuru wa mwili. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinawaadhibu watu kwa hali yao.

4.3 Bahati iliyopewa leseni

Mgongano unakuwa dhahiri zaidi tunapoitazama Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Chini yake, kamari hupewa leseni, husimamiwa na bodi na hutozwa kodi. Kijana anayejaza mkeka wa kubashiri mechi katika duka lenye leseni anachangia pato la serikali. Kijana huyohuyo akicheza drafti bila senti moja nje ya duka hilo anaitwa mzururaji. Kipimo kinachotumika, basi, ni kodi na kuta. Maadili hutajwa baadaye, kama uhalalishaji.

5.0 Hoja ya Dini na Hoja ya Fantasia

Pingamizi la kidini linastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa ndilo lenye hoja iliyochambuliwa zaidi. Kurani (5:90) inakataza kamari. Fiqhi ya Kishafii, yenye wafuasi wengi wa pwani yetu, huukataza mchezo wa nardi unaotegemea dadu, na huuona sataranji kuwa makuruhu usipokuwa na kamari na usipomsahaulisha mtu ibada. Mtazamo huu unatenganisha bahati na akili, dau na burudani, kiasi na kupita kiasi. Ni mtazamo makini kuliko lawama za mitaani zinazodai kuutegemea.

Pingamizi la pili ni kwamba kuzama katika ulimwengu wa kubuni ni utoto. Historia ya fasihi yetu inalikataa. Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert imejengwa juu ya nchi isiyokuwepo, na Nagona (1990) ya Kezilahabi huvuka mipaka ya uhalisia kwa makusudi. Kazi hizi zinasomwa na kutahiniwa. Ubunifu unakubalika ukiwa na jalada na silabasi. Ubunifu wa kijiweni, ambapo mchezaji hujitangaza kuwa jemadari na mwenzake hutabiriwa maangamizi kwa mafumbo na majigambo, haujapata msomaji wa kitaaluma wa kutosha. De Voogt (1995) aliuchunguza umahiri wa mabingwa wa bao wa Zanzibar kama swali la akili na kumbukumbu, lakini usanii wa maneno unaouzunguka mchezo bado unawangoja wahakiki wa Kiswahili.

6.0 Mipaka ya Utetezi

Kuutetea mchezo hakumaanishi kukitukuza kijiwe. Baraza limekuwa kwa kiasi kikubwa mahali pa wanaume, na mwanamke anayeketi kucheza hukumbana na unyanyapaa mara mbili: wa mchezo na wa kutoka nje. Wapo wanaopoteza ujira wa siku kwa karata. Wapo wanaotumia mchezo kuyakimbia majukumu ya nyumbani, na mzigo huo huwaangukia wake na watoto wao. Ukweli huu unahitaji kusemwa juu ya watu husika na matendo yao. Unyanyapaa huusema juu ya kila aliyeketi, na hivyo humficha mkosaji wa kweli ndani ya umati.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba sura ya mchezaji mvivu imejengwa kwa tabaka tatu: msamiati wenye maana mbili, siasa ya kazi isiyotambua kungoja kuwa sehemu ya kazi, na sheria inayoadhibu hali badala ya tendo. Kwa mpagazi wa Kariakoo, kukaa karibu na barabara ndiyo namna ya kupatikana mzigo ukifika. Mchezo unajaza muda ambao mwajiri hailipii.

Inapendekezwa kwamba watafiti wa fasihi simulizi wakusanye majigambo, mafumbo na istilahi za bao, drafti na karata kabla upangaji upya wa soko na uhamishaji wa wamachinga haujaviondoa vijiwe vyenyewe. Inapendekezwa pia kwamba Kanuni ya Adhabu ipitiwe kwa kuzingatia maoni ya mwaka 2020. Mchezaji atakayethibitika kutapeli ashtakiwe kwa utapeli. Aliyekaa tu na kete zake hana shtaka la kujibu.