Nafasi kati ya W na A

Kamati ilinituma Kariakoo kufuatilia kadi za sendofu ya binti wa ndugu yetu. Duka lenyewe ni la steshenari, kama yalivyo mengi katika mitaa ile: mbele madaftari na bahasha, katikati mashine ya fotokopi, na nyuma kabisa, penye feni moja, meza ya dizaina. Mezani alikaa msichana wa umri wa wanangu. Aliniamkia, akapokea karatasi yenye maneno ya kamati, na kabla chai niliyoagiza haijapoa, maneno yote yalikuwa yamekwisha kukaa kwenye kioo, na maua pembeni. Nikadhani kazi imekwisha. Nikauliza nilipe kiasi gani.

"Bado, baba," akasema. "Hapa ndiyo kwanza naanza. Kaa kidogo uone."

Nilikaa mpaka alasiri. Niliyoyaona pale ndiyo yanayonifanya nimwandikie kila kijana anayefikiria kuishi kwa kazi hii, na kila mzazi anayemwona mwanawe mbele ya kompyuta akadhani anacheza.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kusoma. Alisoma karatasi ya kamati kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Akasimama kwenye sentensi ya pili. "Mmeandika 'sherehe ya kumwaga binti yao mpendwa'. Sarufi inaruhusu, lakini msomaji anaweza kuona maji yanamwagika. Niweke 'kumuaga'?" Nikakubali. Watu wanne wa kamati tulikuwa tumeipitia karatasi ile, na hakuna aliyeliona. Akaniomba pia nipige simu kuhakiki herufi za jina la bwana harusi mtarajiwa na tarehe, kwa sababu, alisema, rangi ikikosewa watu watasahau, lakini jina la mtu likikosewa litakaa kwenye kabati la mama yake miaka yote.

Kisha akaja kwenye neno kubwa la juu: MWALIKO. Mimi niliona herufi saba zimekaa sawa. Yeye alizikuza mpaka zikajaa kioo, akanionyesha. Ubavu wa kulia wa W umelala kwenda juu, na ubavu wa kushoto wa A umelala vilevile, sambamba nao. Katikati panabaki njia pana ya mteremko. Mbele kidogo, I na K zimesimama wima, mabega yamekaribiana. Kompyuta imezipa zote nafasi ileile kwa kipimo, lakini jicho halipimi hivyo. Jicho huona weupe uliobaki kati ya herufi, na weupe ule ukiwa mwingi mahali pamoja neno hukatika, likasomeka MW, kisha ALIKO. Akaisogeza A kuelekea W, kidogo, akarudi nyuma na kiti chake, akaitazama kwa mbali, akaisogeza tena. Akazitenganisha I na K kwa kiasi kidogo zaidi. Alipomaliza, neno lilikuwa kitu kimoja, na sikuweza tena kuliona lilivyokuwa mwanzo bila kuumia.

Fikiria sasa lugha yetu ilivyo. Sentensi gani ya Kiswahili inakwenda mbali bila "wa" na "ya"? Wageni, watoto, wazazi, Wizara ya Fedha, Chama cha Walimu: zikiandikwa kwa herufi kubwa, kila mahali W inakutana na A, Y inakutana na A. Fonti zilizotengenezwa kwa uangalifu hubeba ndani yake vipimo vya jozi kama hizo. Fonti za mapambo zinazookotwa ovyo kwenye intaneti mara nyingi hazina. Dizaina wa Kiswahili asiyejua kuifunga nafasi ile ataacha tundu katika kila bango atakalolitengeneza, na hatajua kwa nini kazi zake zinaonekana kama meno yaliyong'oka.

Liko pia jambo la urefu wa maneno. Leo kuna mifano ya kadi na matangazo iliyokwisha kupangwa, unajaza tu maneno yako. Canva, iliyoanzishwa Australia na kufunguliwa kwa umma mwaka 2013, imewawezesha watu wengi kutengeneza kitu cha kupendeza siku ya kwanza. Lakini mifano mingi imepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Panapotosha neno la herufi nne, sisi tunataka kuweka "Punguzo la bei". Panapotosha neno la herufi saba, sisi tunasema "Tunawakaribisha", herufi kumi na tano kwa mpigo, na huwezi kulivunja popote unapotaka. Anayeanza hulibana neno mpaka herufi zinakonda. Aliyekomaa huacha mfano, akaanza na neno: hulipa mstari wake mwenyewe, au huongeza weupe pembeni, au hurudi kwa mteja kuuliza kama "Karibuni" litatosha. Kadi hufuata neno, kama shati linavyofuata mwili wa mvaaji.

Na ile alama ndogo ya ng'. Familia tuliyokuwa tunaiandikia ina jina la Kisukuma linaloanza na Ng'w. Fonti ya mwandiko wa kuremba tuliyoipenda haikuwa na alama hiyo, na mahali pake kompyuta ilichomeka nyingine ya fonti tofauti, ngumu kama msumari kwenye hariri. Wengine wangeiacha, au wangeweka alama inayofanana nayo lakini iliyoelemea upande usio wake. Binti yule dizaina aliichora mwenyewe kutokana na mkia wa koma ya fonti ileile, akaipandisha juu, akaisogeza karibu na g ili isiachane nayo. Ilimchukua robo saa. Jina la watu likakaa kama wanavyolitamka.

Mwisho akafika kwenye mstari wa nukta, pale jina la mgeni linapoandikwa kwa mkono baada ya Bw./Bi./Dkt./Mhe. Akauliza: "Mtaalika wangapi kwa jina la 'Mama fulani na familia'?" Alichukua kalamu ya kawaida, akaandika jina refu kwenye karatasi, akalipima kwa rula, ndipo akaurefusha mstari. Akashauri karatasi isiyong'aa, kwa kuwa inayong'aa huikataa kalamu na wino hupakaa kwenye kidole. Niliona hapo kwamba kichwani mwake alikuwa tayari amekaa na mwanakamati anayeandika kadi mia usiku, mkono umechoka.

Wakati kadi yangu ikisubiri, akaingia mteja mwenye duka la vyakula akitaka bango. Nembo yake aliileta kama picha ya simu, iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Kwenye simu ilionekana safi. Ikikuzwa kwa bango la mita tatu, kingo zake zinakuwa ngazi za vijiraba, kwa sababu picha ya namna hiyo ni shamba la nukta zenye idadi maalumu, na ukilivuta shamba, nukta hazizaliani. Dawa yake ni kuichora upya kwa mistari ya hesabu, ambayo kompyuta huikokotoa upya kwa ukubwa wowote.

Mistari hiyo ina historia inayopendeza. Ilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau wa Citroën aliianza hesabu yake mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault akaitangaza mpaka ikabeba jina lake. Walitafuta namna ya kuieleza mashine mkunjo wa bodi ya gari. Leo mkunjo huohuo ndio unaochora tumbo la herufi, jani la nembo na shavu la katuni. Unaweka nukta mbili, kila moja na mikono yake, na mikono ndiyo inayouvuta mstari upinde. Mwanafunzi hutia nukta ishirini kuzunguka kiazi. Binti yule alitia sita, na kiazi kikawa laini kuliko cha picha. Kila nukta isiyohitajika ni kigongo kidogo ambacho bango kubwa litakifichua.

Hapo pia nilijifunza kwamba jicho lina haki yake mbele ya rula. Herufi O ikichorwa urefu sawasawa na H, huonekana fupi, maana duara hugusa mstari kwa ncha tu. Wachora herufi huizidisha O kidogo juu na chini, na ndipo zinapoonekana sawa.

Nilimuuliza kosa lake la kwanza lililomfundisha. Akasema ni rangi. Kamati ya harusi ilichagua bluu ya kifalme. Kwenye kioo iliwaka vizuri, akapeleka kwa mchapaji, zikarudi kadi za zambarau. Alizilipia mwenyewe kuchapwa upya, na faida ya mwezi ikaenda nazo. Sababu aliielewa baadaye. Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Ziko rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi, na bluu kali ni mojawapo: majenta ikikaribia samawati kwa wingi, bluu huelekea zambarau. Tangu hapo hupunguza majenta kwa makusudi, huomba prufu, yaani kadi moja ya majaribio, kwenye karatasi ileile, na humwonyesha mteja prufu hiyo mchana, nje, kwenye jua. Huacha pia rangi ya nyuma ipite ukingo wa kadi kwa milimita 3 kila upande, kwa sababu rundo la karatasi huteleza kidogo chini ya kisu cha kukatia, na bila ziada hiyo kadi hutoka na uzi mweupe pembeni.

Kwa mwenye kutaka kuanza, hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mashine ya bei kubwa. Inkscape ya kuchora mistari na GIMP ya kusafisha picha ni programu za bure, na zinatosha kwa kazi nyingi nilizozitaja. Susan Kare alipochora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alianzia kwenye karatasi ya vijiraba, akijaza au kuacha wazi miraba 32 kwa 32, jumla 1,024 kwa kila alama. Alikuwa msanii, na kompyuta ilikuwa ngeni kwake. Alichokuwa nacho ni jicho na penseli, na alama zake zilieleweka na watu ambao hawakuwahi kugusa kompyuta.

Shule ya jicho ipo hata nyumbani. Fungua kanga ya mama uitazame kwa utulivu. Pindo linazunguka na kushika kila kitu, mji unabeba mchoro, jina linakaa chini kwenye kisanduku chake. Aliyeipanga alijua kwamba itasomwa kiunoni mwa mtu anayetembea, na kwa wakati mfupi, hivyo akaamua jicho lianzie wapi na liishie wapi. Mwenye kuweza kueleza kwa nini kanga moja inapendeza na nyingine inachosha, ameanza kuwa dizaina kabla hajawasha mashine.

Upande wa biashara, binti yule ana kanuni chache anazozishika. Kabla ya kuanza anaandika, hata kwa ujumbe wa simu, kazi ni ipi, masahihisho ni mara ngapi, na siku ya kukabidhi. Hupokea nusu ya malipo mwanzoni. Hatumii fonti wala picha asiyojua masharti yake, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda waliozitengeneza kama inavyomlinda yeye. Amesajili jina la biashara kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na anayo namba ya mlipakodi, na ndiyo maana ofisi zinaweza kumpa kazi. Kila faili hulihifadhi mahali pawili, maana umeme hauagi. Na kwa miezi sita ya kwanza hakuacha kazi yake ya awali ya dukani: alichora usiku, akauza kadi moja moja, mpaka wateja wenyewe wakaanza kumletea wenzao.

Sisi pia tulitaka bluu, na kadi zetu zilitoka bluu. Mstari wa nukta ulitosha majina yote, na mzee wa upande wa mama, mwenye Ng'w yake, alilisoma jina la ukoo bila kukwama. Nililipa bei aliyotaja bila kuomba punguzo, na ninakuomba nawe msomaji ufanye hivyo: unaponunua kadi, unanunua saa za mtu aliyekaa kulitunza jina lako.

Nawe kijana unayeanza, usingoje kompyuta mpya wala mteja wa kwanza. Leo usiku andika MWALIKO kwa herufi kubwa, isogeze A mpaka ikae mahali pake, rudi nyuma uitazame, kisha uisogeze tena. Ikishakaa, andika KARIBUNI WAGENI, uanze upya.