Kinyume cha Kufungua: Umbo la Kitabu cha Ufundi mbele ya Landirova Kuukuu

Kitabu cha matengenezo ya gari hakina mhakiki. Hununuliwa, hupakwa grisi, hukatika mgongo, kisha hufungwa kwa ukanda wa tyubu na kusukumwa nyuma ya kiti. Hata hivyo ni utanzu wenye kanuni zake: una msimulizi, una mpangilio, una mambo unayoyasema kwa ufundi mkubwa na mengine ambayo umbo lake haliruhusu yasemwe. Anayetengeneza gari lake mwenyewe, hasa gari kuukuu, huzikuta kanuni hizo akiwa chini ya chesisi, pale maneno yanapoisha na nati haijafunguka.

Ninavyo vitabu viwili vya Landirova ya Series III, ile iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Cha kwanza ni cha kiwanda. Kila kazi ndani yake ina namba ya tarakimu sita zilizogawanywa katika jozi tatu: jozi ya kwanza hutaja kundi, kwa mfano 12 kwa injini na 70 kwa breki, na zinazofuata hutaja sehemu na aina ya kazi. Namba hizohizo ndizo zilizotumika kwenye jedwali la muda wa kazi, yaani saa ambazo gereji ilipaswa kumtoza mteja. Kwa hiyo umbo la kitabu hiki limefinyangwa na karani wa malipo kabla ya fundi kushika kalamu. Sentensi zake ni fupi na kavu, maana anayesemeshwa analipwa, ana mashine ya kuinulia gari, na vifaa maalumu viko ukutani.

Cha pili ni cha Haynes, nacho kina asili tofauti kabisa. John Haynes alikuwa mwanajeshi wa anga wa Uingereza. Mwaka 1965 alipelekwa Aden, na huko alimsaidia mwenzake kuijenga upya injini ya Austin-Healey Sprite. Kitabu cha kiwanda hakikumfaa mtu asiyesomea ufundi, basi akawa anapiga picha kila hatua. Mwaka uliofuata kitabu chake cha kwanza kikatoka. Picha zile ndizo zilizobadili nafasi ya msimulizi. Katika kitabu cha kiwanda macho yako juu, yanalitazama gari kama ramani. Kwa Haynes macho yako kimo cha mtu aliyepiga magoti, na mara nyingi mkono unaonekana ukishika kipuri. Msomaji anaambiwa bila maneno kwamba kuna mtu aliyekwisha kufika hapa.

Pamoja na tofauti hiyo, vitabu vyote viwili vina sauti moja: ya kuamrisha. Inua, egesha juu ya stendi, fungua, ondoa, kagua. Chukua ukurasa wa kitovu cha gurudumu la mbele. Unaondoa tairi, drami ya breki, kifuniko cha katikati, nati ya shafti, kisha sahani inayozungusha kitovu. Ndani yake kuna nati mbili, na katikati yao bati la kufungia ambalo lazima ulinyooshe kwanza. Halafu beringi, kitovu chenyewe, shafti, na mwisho lile tufe la chuma kwenye ncha ya ekseli ambalo gurudumu hukatia kona juu yake. Kila amri inafungua njia ya amri inayofuata, na ukiruka moja unakwama. Sijui maandishi mengi yenye mpangilio wa lazima kiasi hiki. Landirova yenyewe inausaidia: karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti, madiga ya mbele yanatoka bila kukata chuma, na gia boksi huondolewa kwa kuipandisha ndani ya kibanda baada ya kung'oa sakafu na sanduku la viti.

Kilele cha utanzu huu, kwa maoni yangu, ni mchoro wa vipuri vilivyotenganishwa. Kila kitu kinaelea kwenye mstari wake, kikiwa karibu na mwenzake bila kumgusa: nati, washa, sili, beringi. Hakuna ambaye ameliona gari katika hali hiyo, kwa sababu hali hiyo haipo. Ni tukio lenye muda mrefu lililowekwa mahali pamoja, na linasomeka kutoka kulia kwenda kushoto ukifungua, kutoka kushoto kwenda kulia ukifunga. Kwetu Afrika Mashariki mchoro huu ndio uliobeba mzigo. Fundi asiyesoma Kiingereza huweka kidole kwenye mstari, akaufuata mpaka kwenye washa, na akajua upande gani unatazama ndani. Ukimwona fundi ameufungua ukurasa wa mchoro na kuyaacha maelezo, usidhani anapuuza kitabu. Amechagua sehemu iliyoandikwa vizuri zaidi.

Lakini mchoro huo ndio unaozaa sentensi dhaifu kuliko zote katika utanzu mzima. Baada ya hatua kumi na tano za kufungua, kitabu hukuambia kwamba kurudishia ni kuzifuata hatua hizo kinyumenyume. Basi. Nusu ya kazi, tena ile nusu ambayo maisha ya abiria yanaitegemea, imewekwa katika mstari mmoja. Kimantiki sentensi hiyo inadai kwamba muda unaweza kurudishwa: kilichofunguliwa kitakuwa kama kilivyokuwa.

Springi za Landirova zinaikanusha. Hizi ni springi za vyuma bapa vilivyolaliana, zimeshikwa kwenye chesisi na kwenye sheko kwa bolti zinazopita ndani ya bushi za mpira. Kila bushi ina bomba la chuma katikati, na bolti hupita ndani ya bomba hilo. Kitabu kinasema: ondoa nati na bolti. Maneno manne. Kwenye gari lililovuka mito kwa miaka arobaini, bolti na bomba vimeshikana kwa kutu hadi vimekuwa kitu kimoja. Ukiipiga nyundo, mpira unainyonya nguvu yote na kuirudisha. Utaweka mafuta ya kulainisha usiku kucha, utatumia moto wa gesi, na mara nyingi utamaliza kwa grenda, ukikata bolti pande zote mbili za springi. Hakuna kinyume cha grenda. Kilichotoka hakirudi, na umbo la amri zenye namba halina mahali pa kuliweka jambo hilo, kwa sababu kila hatua inachukuliwa kuwa sawa na nyingine.

Halafu njoo kwenye kurudishia. Ukizikaza nati za bushi gari likiwa bado limeinuliwa, unaufunga mpira katika mkao usio wake. Ukilishusha, springi zinabeba uzito, mpira unasokoteka, na hautadumu. Sharti uzikaze kwa wepesi kwanza, ushushe gari likanyage ardhi, ndipo ukaze kabisa. Wakati wa kufungua hakukuwa na hatua inayofanana na hiyo, na ukirudi kinyumenyume hutaikuta. Ndiyo maana ile sentensi dhaifu kila mara hufuatwa na aya ya masharti: lakini angalia hili, ila usisahau lile. Silinda hedi inakazwa kwa utaratibu wa kuanzia katikati kwenda nje. Breki zinatolewa hewa. Nati za kitovu zinapimwa zisibane beringi wala kuilegeza. Vile vibati vyembamba vinavyoitwa shimu, vilivyo juu ya tufe la ekseli, vinaongezwa au kupunguzwa mpaka mizani ya springi iliyonasishwa kwenye mkono wa usukani isome uzito unaotakiwa. Ujuzi wenyewe umejificha humo, kwenye viraka vya sentensi iliyopasuka. Anayejifunza aanze kusoma hapo.

Kuna sehemu moja tu ambapo umbo hili linakiri kuwa gari huzeeka: majedwali ya vipimo, yale yanayotaja kipimo cha kipuri kipya na kando yake kikomo cha kulika. Kati ya namba hizo mbili ndiko gari kuukuu linakoishi. Zile kurasa za amri zingekuwa na safu ya namna hiyo, utanzu huu ungekuwa mwingine.

Maboresho yanaongeza tatizo jipya. Ukiondoa pointi na kondensa kwenye distributa ukaweka mfumo wa kielektroniki, ule ukurasa unaotaka mwanya wa inchi 0.014 hadi 0.016 unakufa, ingawa mpangilio wa kuwaka wa 1-3-4-2 unabaki. Ukiweka springi za kisasa zenye vyuma vichache visivyosuguana, shokapu za zamani hazitoshi tena, kwa kuwa msuguano ulikuwa unazisaidia. Na wanaofunga injini ya 200Tdi, iliyoanza kwenye Discovery mwaka 1989, wanabaki na gari lenye vitabu viwili visivyojuana: kimoja kinajua injini, kingine kinajua gia boksi, na hakuna kinachojua mahali vinapokutana. Karatasi inayokuja na kipuri cha kuboresha haisaidii sana. Inachukulia kwamba gari lako halijawahi kuguswa na mtu kabla yako.

Hapo mwenye gari analazimika kuwa mwandishi, na nadhani aandike kwa njeo iliyopita na tarehe, kinyume cha kitabu cha kiwanda na cha Haynes. Asiandike kaza bolti. Aandike kwamba bolti ya nyuma kulia ilikatwa, mpya iliwekwa ikiwa imepakwa grisi, nati ilikazwa gari likiwa chini, na itazamwe tena baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu. Aandike waya gani ulipitishwa wapi, na fyuzi yake ni ya ukubwa gani. Maandishi hayo yakae pembeni mwa ukurasa uleule wa kitabu, kando ya amri inayohusika, ili atakayelinunua gari azione sauti zote mbili kwa pamoja. Ndiyo sababu nikiwekewa kitabu kipya na kingine kilichojaa mwandiko wa mwenye gari aliyetangulia, nalipia cha pili bei kubwa zaidi.