Namba ya Printa

Jumatatu asubuhi, katika ofisi ya wahasibu yenye kompyuta saba na printa moja, hakuna kinachochapika. Taa ya printa ni ya kijani, karatasi zimo, wino upo. Fundi niliyemtazama hakufungua kifuniko hata kimoja. Aliichapisha printa ukurasa wa mipangilio yake, akatembeza kidole hadi kwenye mstari wa anwani ya IP: 192.168.1.41. Kompyuta zote zilikuwa bado zinapeleka kazi 192.168.1.34.

Ruta hugawa anwani kwa mkopo, kwa utaratibu uitwao DHCP. Ofisini pale mkopo ulikuwa wa saa 24. Kifaa kilichowashwa huomba kuongezewa muda nusu yake ikishapita. Printa iliyozimwa Ijumaa jioni haiombi chochote, na Jumatatu simu ya mtu iliwahi kuingia, ikapewa ile 34. Simu kuhamahama si neno, maana yenyewe ndiyo hutafuta wengine. Printa hutafutwa. Ni kama duka: likihama usiku bila tangazo, wateja watagonga kwa jirani.

Angeweza kuiandikia printa anwani ya kudumu kwenye kioo chake kidogo, akaondoka. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo nilipomheshimu. Alinakili anwani ya MAC, zile herufi na tarakimu 12 ilizotoka nazo kiwandani (ya kebo, si ya Wi-Fi, kwani zilikuwa mbili), akaingia kwenye ruta na kuitengea 192.168.1.20. Sasa hata mtu akifuta mipangilio yote ya printa, itaamka, itaomba anwani kama mgeni, na itapewa ileile. Vifaa vingine akavipangia kuanzia 100 hadi 199, huku chini pakibaki pa vitu visivyohama.

Kisha ikaja kazi ya kuchosha: kompyuta moja baada ya nyingine, kubadilisha anwani ya zamani, kuchapa ukurasa wa majaribio. Mara saba. Hakuiruka hata ile ya stoo. Akazima ruta na printa, akaziwasha, akaenda kwenye kompyuta ya mbali kabisa, akachapa tena.

Ruta ikiungua, mpango huo wote unateketea nayo. Kwa hiyo alibandika karatasi ubavuni mwa printa: anwani, MAC, tarehe. Aliandika kwa herufi kubwa, polepole, kisha akaifunika kwa selotepu ili wino usifutike.