Mapigo Matatu Mlangoni mwa Moli

Kosa lilitokea ubeti wa pili. Mpiga gitaa aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa moli moja ya Dar es Salaam, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, alikuwa amekwisha kupiga ubeti wa kwanza wa Silent Night kwa gitaa kavu, na aliupiga vizuri kabisa. Kisha akainama, akagusa simu yake, na spika ikaanza kutwanga biti ya mapigo manne. Wimbo wa mapigo matatu ukaburutwa humo hadi mwisho.

Waliokuwepo walisikia, na waliotazama kipande cha video yake kwenye simu wakirudie wasikilize kidole gumba. Ubeti wa kwanza, gumba linatembea kwenye nyuzi nene, moja-mbili-tatu, nyuzi nyembamba zinaimba juu yake. Biti inapoingia, gumba linasita, linajaribu kuifuata kidogo, kisha linanyamaza. Kuanzia hapo vidole vyote vinakwangua nyuzi kwa pamoja, besi imeachiwa simu. Mtu mwenye uwezo wa kupiga magitaa mawili kwa mkono mmoja alijishusha akawa rithimu ya mashine.

Na wimbo wenyewe haukubali. Franz Xaver Gruber aliutungia muziki tarehe 24 Desemba 1818, kwa maneno ya padri Joseph Mohr, na usiku huohuo ukaimbwa katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, Oberndorf, Austria, kwa sauti mbili na gitaa. Gitaa, si kinanda! Mwendo wake ni sita kwa nane, yaani tatu-tatu, mwendo wa kubembeleza mtoto. Nota ya kwanza inavutwa pigo moja na nusu, inayofuata inapita upesi, ya tatu inatua. Ukiutia kwenye nne, ama unaikata ile nota ndefu, ama unaining'iniza ikisubiri ngoma ifike. Mpiga gitaa wa moli aliining'iniza, kila mstari. Ubembelezaji ukageuka kuchechemea.

Alipopiga Jingle Bells, ilikaa sawasawa kwenye biti hiyohiyo, kwa sababu James Pierpont aliyeichapisha mwaka 1857 aliitunga kwa mwendo wa farasi anayekimbia.

Watetezi wa mpiga gitaa wanasema mlangoni pana kelele: jenereta, toroli, muziki wa moli yenyewe unaoporomoka kutoka darini tangu Novemba. Kelele zipo. Lakini dawa yake ni kuhamisha kiti hatua kumi, mgongo uelekee ukuta wa zege, sauti igonge na kurudi kwa wapita njia. Safu hii imeyasema hayo tangu biti za simu zilipoanza kuwatoa wapiga kinanda kwenye harusi, na itaendelea kuyasema.

Jean-Bosco Mwenda hakuwa na spika. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta akipiga gitaa mitaani Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi mwaka 1952, na katika rekodi hizo imo Masanga. Gumba na kidole cha shahada tu, lakini msikilizaji anahesabu magitaa mawili, pengine matatu. Mtafiti mwingine, David Rycroft, alikaa chini akaziandika nota zake moja moja, na mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Mwanamuziki wa barabarani, aliyeimba Kiswahili, alifika huko kwa vidole viwili. Hakuna anayecharaza gitaa kavu Dar leo anayemfikia, na huyu kijana wa moli alikuwa na dalili za kumkaribia kwa dakika moja na nusu.

Kijana akihitaji ngoma, ipo ya Afrika Mashariki. George Mukabi wa Kenya, bingwa wa mtindo wa gitaa wa omutibo, alipigiwa chupa ya Fanta, nayo ilitosha. Tofauti ni kwamba chupa ile ilishikwa na mtu aliyemsikiliza mpiga gitaa: gitaa likivuta, chupa inangoja. Simu haimngoji mtu.

Mama mmoja mwenye toroli alisimama ubeti wa kwanza. Mwanawe, wa miaka mitatu hivi, alishika ukingo wa toroli akawa anayumba kulia na kushoto, sawia kabisa na lile gumba. Biti ilipoingia mtoto aliacha kuyumba, akamtazama mama yake. Mama akatumbukiza noti kwenye kasha la gitaa na kusukuma toroli kuelekea maegesho.

Jumapili kijana alikuwa palepale, kiti kilekile, simu imelazwa juu ya spika, waya wa chaji umepita chini ya meza ya mlinzi. Zamu ya Silent Night ilipofika, biti ilianza na ubeti wa kwanza.