Malale: kumnyoa kimelea ili kuona ndani yake

Anayeondoka Bangwe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, akapanda kwenda Kasulu na Kibondo, anaingia katika nchi ya mbung'o, waenezao malale. Malale ya huku huletwa na kimelea Trypanosoma brucei rhodesiense, na kipimo chake ni kilekile cha zamani: tone la damu, kioo, hadubini ya mwanga. Mtaalamu wa maabara humwona kimelea akijinyonganyonga kati ya chembe nyekundu. Yaliyomo tumboni mwake hayaoni.

Na humo ndimo mlimokuwa na swali. Kimelea hiki, chenye urefu wa mikrometa 20 hivi, kina mitokondria moja tu, iliyotanda karibu mwili mzima. Seli ikigawanyika, mitokondria hiyo hukatwa lini, na wapi? Picha bapa haitoshi kujibu.

Njia ilifunguliwa mwaka 2004, Winfried Denk na Heinz Horstmann walipoeleza mashine yenye kisu cha almasi ndani ya hadubini ya elektroni yenyewe. Vimelea hutiwa osmiamu na metali nyingine nzito, kisha hugandishwa katika rezini mpaka viwe kibonge kigumu. Elektroni, chembe zenye chaji hasi, hurushwa juu ya uso wa kibonge. Zikigonga utando uliokunywa metali, nyingi hurudi. Zikigonga rezini tupu, hurudi chache. Kihisi huzipokea zinazorudi, nukta baada ya nukta, na picha hujichora. Kisha kisu huparuza makumi ya nanometa, kama randa ya seremala, na picha nyingine hupigwa. Mwisho kompyuta huzipanga mamia kwa mpigo.

Kuzipanga ni rahisi. Kinachochosha ni kufuatilia mpaka wa kila kiungo, picha hata picha.

Mwaka 2017 timu ya Sue Vaughan wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, ilichapisha seli nzima za T. brucei wa kwenye damu zilizojengwa hivyo. Mitokondria ilichipua matawi upande mmoja tu wa seli, ikarudi kuwa bomba, ikakatika hatua ya mwisho kabisa, ndani ya daraja jembamba linalounganisha seli mbili changa.

Ni kazi safi, ila ina bei yake: sampuli huishia kuwa vumbi, na mwendo wote umekisiwa kwa kupanga seli zilizokufa katika hatua mbalimbali. Mgonjwa hapimwi hivyo. Mwenye homa aliyepita porini kwenye mbung'o awahi kituo cha afya, aseme alikopita, atolewe damu.