Namba ya Upepo, Kina cha Maji

Tarehe 28 Septemba 2022 bahari iliikimbia Tampa. Wakazi wa mji huo wa Florida walishuka kutoka barabara ya ufukweni wakatembea juu ya tope ambalo siku zote liko chini ya maji, simu mkononi, wakipiga picha. Siku hiyohiyo, kusini zaidi kwenye pwani ileile, mji wa Fort Myers Beach ulikuwa umefunikwa na maji ya bahari yenye kina cha mita 3 hadi 4.5 juu ya ardhi. Nyumba zilizokuwa mtaa wa kwanza kutoka ufukweni nyingi zilibaki misingi mitupu. Kimbunga kilikuwa kimoja tu, Ian.

Sababu yake si ngumu. Vimbunga vya kaskazini mwa ikweta huzunguka kinyume na mwelekeo wa mishale ya saa. Ian kiliingia nchi kavu katika kisiwa cha Cayo Costa kikielekea kaskazini-mashariki, hivyo upepo wa upande wake wa kulia ulitoka baharini na kuyasukumia maji pwani, na wa kushoto ulitoka nchi kavu ukayafukuza. Fort Myers Beach ilikuwa kulia, Tampa kushoto. Mtabiri yeyote analijua hili. Hata hivyo kwa siku kadhaa kabla ya hapo gumzo lote la Florida lilikuwa Tampa, Tampa, Tampa. Ukitaka kuelewa ilikuwaje, itabidi urudi nyuma zaidi ya miaka 50, kwenye namba ambayo Wamarekani walijizoesha kuiamini kupita kiasi.

Namba hiyo ni daraja la kimbunga, 1 hadi 5. Mwanzo wake ni kazi ya Herbert Saffir, mhandisi wa ujenzi wa Florida, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alitaka kujua upepo wa kasi fulani unaharibu nyumba kwa kiasi gani. Robert Simpson, aliyekuwa mkuu wa Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, akaongeza vipimo vya bahari: daraja hili, maji yatapanda futi kadhaa, daraja lile, futi kadhaa zaidi. Kwa mtu wa redio ilikuwa zawadi. Tarakimu moja ilibeba upepo, mgandamizo wa hewa na maji, vyote kwa mpigo.

Tatizo ni kwamba upepo na maji haviendi sambamba. Mgandamizo mdogo wa hewa katikati ya kimbunga huinua bahari, lakini kwa kiasi kidogo: sentimita 1 kwa kila hektopaskali 1 inayopungua, yaani mita 1 hivi hata kwa kimbunga kikali sana. Kazi kubwa hufanywa na upepo unaoyaburuta maji hadi yanapokosa pa kwenda. Na hapo kinachohesabiwa si kasi ya upepo peke yake. Upana wa kimbunga una uzito wake, mwendo wake, pembe kinayoingilia pwani, na zaidi ya yote umbo la sakafu ya bahari. Pwani yenye kina kirefu karibu na ufukwe huyaruhusu maji yateremke na kurudi baharini kwa chini. Pwani ya maji mafupi yanayoenea mbali huyabana, nayo yakishabanwa hupanda nchi kavu.

Mississippi ni pwani ya namna hiyo ya pili. Agosti 1969 kimbunga Camille, daraja la 5, kilipandisha maji pale Pass Christian kiasi cha mita 7.5. Waliobaki hai waliligeuza tukio hilo kuwa kipimo chao cha maisha: nyumba iliyohimili Camille inahimili chochote. Tarehe 29 Agosti 2005 kikaja Katrina, ambacho kilipofika nchi kavu kilikuwa kimeshuka hadi daraja la 3. Wapo waliokumbuka Camille wakabaki majumbani. Lakini Katrina kilikuwa kipana kuliko Camille kwa mbali, na siku moja kabla kilikuwa daraja la 5 huko Ghuba ya Mexico, kikiyasukuma maji ambayo hayakupungua kwa sababu tu upepo ulipungua. Safari hii Pass Christian ilipata kiasi cha mita 8.5. Miaka 3 baadaye, Septemba 2008, kimbunga Ike kilifika Galveston, Texas, kikiwa daraja la 2, na rasi ya Bolivar iliyo jirani ikafagiliwa na maji ya mita 4.5 hadi 6. Ofisi ya hali ya hewa ya Houston ilikuwa imeona kwamba namba haitamtisha mtu. Ikaandika waziwazi kwamba atakayebaki katika nyumba ya kawaida kwenye sehemu fulani za pwani, hata ya ghorofa mbili, atakabiliana na kifo cha hakika. Ofisi ya serikali ikifikia kuandika hivyo, ujue chombo chake cha kawaida kimeshindwa kazi.

Baada ya Ike ndipo ukarabati ulipoanza kweli. Mwaka 2010 maji na mgandamizo wa hewa vilitolewa kwenye daraja. Namba ikabaki kuwa ya upepo tu, na jina lake rasmi likabadilishwa liseme hivyo. Mimi naona hiyo ndiyo hatua iliyohitaji ujasiri zaidi kuliko kompyuta zote zilizofuata, maana taasisi ilikuwa inavunja kitu chake chenyewe kilichopendwa. Takwimu baadaye ziliipa haki. Uchambuzi wa vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga vya Atlantiki nchini Marekani kati ya 1963 na 2012 ulionyesha kwamba karibu nusu vilitokana na bahari kupanda, na ukijumlisha mafuriko ya mvua na vifo vya majini, maji yalihusika katika vifo 9 kati ya 10. Upepo, ambao ndio uliokuwa na namba, uliua wachache.

Halafu ikaja kazi ya kuyapa maji lugha yake, na hapa kuna jambo dogo ambalo watabiri walilipuuza kwa miaka mingi. Utabiri wa zamani ulitaja urefu wa maji kuanzia usawa wa bahari. Sema futi 12. Mtu ambaye nyumba yake iko futi 8 juu ya usawa wa bahari alitakiwa kwanza ajue hilo, kisha atoe 8 kwenye 12, agundue kwamba sebuleni kwake patakuwa na futi 4 za maji. Nani anaijua namba hiyo ya nyumba yake? Waliposhauriana na wataalamu wa jamii na maofisa wa maafa, watabiri wakageuza: kina kitajwe kuanzia ardhini, pale mtu aliposimama. Ramani mpya ilianza kujaribiwa mwaka 2014. Buluu ni maji yanayozidi futi 1, njano yanayozidi 3, rangi ya chungwa 6, nyekundu 9. Mtu mzima anasoma njano na kuelewa kwamba maji yatamfika kiunoni.

Nyuma ya ramani hiyo kuna ujanja ambao ungefaa kufundishwa vyuoni kwetu. Kompyuta haihesabu kimbunga kimoja. Inachukua utabiri uliopo na kuupotosha makusudi, mara mamia: kimbunga kipite kushoto kidogo, kulia kidogo, kikawie, kiharakishe, kiwe kinene, kiwe chembamba. Kila toleo linapigiwa hesabu ya maji, kisha kwa kila kipande cha ardhi wanachukua kina ambacho uwezekano wa kupitwa ni 1 kati ya 10. Ramani basi haisemi kitakachotokea. Inasema kibaya ambacho mtu mwenye akili anapaswa kujiandaa nacho. Mwaka 2017 tahadhari ya bahari kupanda ikawa rasmi, ikitolewa peke yake, mbali na tahadhari ya upepo.

Katikati ya safari hiyo kimbunga Sandy kilitoa somo la aina nyingine. Oktoba 2012 watabiri walijua kwamba kikifika New Jersey kitakuwa kimegeuka tufani ya kawaida ya majira ya baridi, na kanuni zikasema tufani ya namna hiyo haitolewi tahadhari ya kimbunga. Kwa hiyo kaskazini mwa North Carolina tahadhari ya kimbunga haikutolewa. Zilitoka tahadhari nyingine zenye majina mengine. Bahari haikusoma kanuni. Kwenye kipimo cha Battery, ncha ya kusini ya Manhattan jijini New York, maji yalipanda karibu mita 2.9 juu ya kiwango cha jedwali la maji, saa ya maji kujaa, usiku wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu, yakaingia kwenye njia za treni za chini ya ardhi. Kings Point, si mbali na hapo, yalipanda zaidi, karibu mita 3.9, lakini kilele hicho kiliangukia maji yaliyokupwa. Mwaka uliofuata kanuni ilirekebishwa. Hiyo tofauti ya Battery na Kings Point iweke akilini.

Basi kwa nini Ian kikaua? Ripoti rasmi ilihesabu watu 41 waliouawa na bahari kupanda, 36 kati yao kaunti ya Lee, iliko Fort Myers Beach. Tahadhari ya maji ilikuwepo. Ramani ya rangi ilikuwepo. Lakini televisheni ilikuwa inaonyesha picha nyingine, ile ya pembe nyeupe inayopanuka kadiri siku zinavyokwenda mbele. Pembe hiyo hupimwa kwa makosa ya utabiri ya miaka 5 iliyopita, ili kitovu cha kimbunga kibaki ndani yake takriban mara 2 kati ya 3. Haisemi lolote kuhusu upana wa kimbunga wala maji yatafika wapi. Katikati yake mstari ulielekea Tampa. Fort Myers Beach ilikuwa ukingoni. Mpango wa kaunti ya Lee wenyewe ulitaka watu wa maeneo ya chini waondolewe hata uwezekano wa maji ya futi 6 ukiwa asilimia 10 tu, lakini amri ilitoka asubuhi ya Jumanne tarehe 27, wakati kaunti kadhaa za pwani hiyo zilikuwa zimeshaamuru Jumatatu. Ian kiliingia Jumatano mchana. Kwa mzee asiye na gari, siku moja ni kubwa.

Sasa kwetu. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa imetoa taarifa mfululizo, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasitisha safari, na kimbunga chenyewe kilidhoofika haraka kilipogusa ardhi. Mvua ndiyo iliyofanya uharibifu mkubwa: barabara ya kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Si ajabu kwamba Kilwa iliumia. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kufuata mishale ya saa, kwa hiyo kinachokuja kutoka mashariki na kutua Mafia huwapa walio kusini yake upepo wenye unyevu wa kutoka baharini.

Jambo ambalo sikulisikia likitajwa ni mwezi. Tarehe 4 Mei ilikuwa mwezi 25 Mfungo Mosi. Mvuvi yeyote atakwambia hayo bado ni maji mafu, yasiyojaa sana, au ndiyo kwanza yanaanza kupata nguvu. Mwezi mpya ulikuwa umebakiza siku 4. Kimbunga Idai nacho, kilipopiga Beira, Msumbiji, usiku wa 14 Machi 2019, kilikuta mwezi wa nusu. Beira ina bahari ya maji mafupi inayoenea mbali, na bamvua yake hupita mita 6. Uharibifu tunaoujua pale ni uharibifu wa maji mafu. Iwapo kimoja kati ya vimbunga hivi kingekuja siku chache baadaye, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Taarifa za TMA siku hizi zimepangwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Zina rangi, zina angalizo na tahadhari, zinataja uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, na mwisho huorodhesha athari zenyewe, kama makazi kuzungukwa na maji na shughuli za uvuvi kuathirika. Upungufu ninaouona ni kipimo cha bahari. Hutajwa mawimbi ya mita kadhaa. Huo ni urefu wa wimbi kutoka bondeni hadi kileleni, na ni habari ya nahodha. Mama mwenye nyumba ya udongo karibu na mikoko ya Rufiji akisikia mita 4 hana njia ya kujua kama ni maji ya kumfikia kitandani au ni wimbi litakalovunjika kwenye mwamba.

Kuiga ramani ya Marekani ilivyo pia hakutatosha. Kule Fort Myers tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki mita 1, kwa hiyo saa ya kimbunga kufika haibadilishi mengi. Pwani yetu wakati wa bamvua tofauti hiyo hupita mita 3. Kimbunga kikikawia saa 6, maji ya mita 2 yaliyosukumwa na upepo yanaweza yasifike hata ukingo wa ufukwe, au yakaingia mita nzima na zaidi mtaani. Ni ile hadithi ya Battery na Kings Point, ila kwetu ingekuwa kijiji kilekile, siku ileile. Kwa hiyo mtabiri wa Dar es Salaam atahitaji kutoa ramani ya kina mara mbili, ya maji kujaa na ya maji kupwa, na kando yake aandike saa. Kwa urefu wa ardhi anaouhitaji katika hesabu hiyo, Unguja na Pemba zilikwishapigwa picha za droni kwa ajili ya ramani. Kazi iliyobaki kubwa ni kupima sakafu ya bahari ya maji mafupi, kuanzia delta ya Rufiji kuelekea Kilwa, na hiyo hufanywa kwa boti, kipande kwa kipande, kaskazi ikiwa imetulia.