Mpira wa Theluji Sokoni Tala

Kila aliyepitia chuo kikuu hapa Kenya anaijua Sura ya Tatu. Ndiyo sura ya mbinu za utafiti, na wanafunzi huinakili kutoka tasnifu moja hadi nyingine bila hata kupepesa jicho. Mwaka huu nimesimamia tasnifu ya uzamili katika saikolojia ya lugha: jinsi wauzaji wa soko la Tala, kule Machakos, wanavyobadili lugha wakimwona mteja wa aina fulani. Sura yake ya Tatu ilikuwa safi. Niliitia sahihi. Kwa hiyo ninapoikosoa leo, najikosoa na mimi.

Mtafiti alisema angechagua kila kibanda cha tano, kuanzia langoni. Halafu angekaa kando na daftari, atazame, aandike, asiingilie. Nilipoandamana naye siku ya soko ndipo kasoro ilipojianika. Mwenye kibanda amekwisha kupiga hatua kibiashara. Akina mama waliotandika magunia chini, wakapanga nyanya mafungu mafungu, hawana kibanda wala nambari. Hawakuwa na nafasi hata moja ya kuchaguliwa. Nasibu gani hiyo, ikiwa majina ya wengine hayakutiwa hata kapuni?

Na lile daftari! Kijana kachomekea shati, kasimama, anaandika na haongei na mtu. Sokoni mtu huyo anajulikana: ni kanjo, kaja kudai ushuru. Mama mmoja akaanza kukunja gunia lake. Nikamwamkia, "Mwaitu, mbona wahama?" Akaniuliza, "Huyo kijana wenu ni wa kaunti?" Nilipomweleza akacheka. "Basi mngenunua kwanza, mwalimu, ndio muulize." (Sijui ni miwani iliyonisaliti.) Nikanunua mafungu mawili. Mazungumzo yaliyofuata hayakupatikana popote katika zile kurasa alizokwisha kujaza.

Sasa tuje kwa lugha, maana hapo ndipo ugonjwa ulipojificha. Mwanafunzi alimwambia mzee mmoja amechaguliwa "kwa nasibu" awe "sampuli" ya utafiti. Mzee akauliza ameshinda nini. Hakukosea: nasibu anayoijua ni ile ya bahati nasibu. Na sampuli, kwa mazungumzo ya kawaida, ni aina. "Watu wa sampuli yako" ni maneno ya kuanzishia ugomvi. Mtu akikubali kuhojiwa bila kuelewa alichoambiwa, je, amekubali?

Linaloniudhi zaidi ni "mbinu ya mpira wa theluji". Tala wameiona wapi theluji? Mzungu anafinyanga mpira wa theluji, anaubingirisha, unazidi kunenepa. Kwake picha hiyo inaeleweka. Kwetu ni maneno matupu ya kukariri. Mimi napendekeza "sampuli ya kuelekezana", kwa sababu ndicho kinachotendeka: Mwaitu anakuelekeza kwa jirani yake, jirani kwa mwenzake. Tena jina hili linaanika udhaifu ambao theluji inauficha. Mwaitu atakuelekeza kwa nani? Kwa wenzake wa chama, wala si kwa yule waliyekosana.

Si kwamba Kenya haijawahi kuona utazamaji wa maana. Kati ya 1955 na 1957, Robert na Barbara LeVine waliishi miongoni mwa Abagusii, mahali walipopaita Nyansongo. Watoto walitazamwa kwa vipindi vya dakika tano tano, ikaandikwa wanachofanya na walio karibu nao. Matokeo yaliingizwa katika utafiti mkubwa wa Beatrice na John Whiting, uliochapishwa 1975, wa jamii sita za ulimwengu. Subira ile naistahi. Lakini jumla ya watoto ilikuwa 134, na wa Nyansongo walikuwa 16 tu. Kumi na sita wanatosha kutuambia mengi kuhusu Nyansongo. Ajabu ni pale msomaji anapowageuza kuwa Afrika nzima.

Na wenzetu wa Magharibi wasitucheke. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichunguza majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani. Asilimia 96 ya watu waliotafitiwa walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo wakazi wake ni takriban asilimia 12 ya walimwengu. Huko nako wamehesabu vibanda, wakaruka magunia.

Nilimwambia mwanafunzi aianze upya kazi ya nyanjani. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa adabu, "Prof, lakini uliitia sahihi." Sikuwa na jibu. Karo ya muhula mwingine si mimi nitakayeilipa.

Amerudi Tala. Mwaitu amemruhusu akae kwenye gunia lake kwa masharti: apime vitunguu, na asimfukuzie wateja. Daftari halitoki mfukoni. Anaandika akiwa ndani ya matatu, barabara ya Kangundo, wakati maneno yangali moto. Tunalobishania bado ni wateja. Wakiambiwa wanatazamwa, watabadili lugha, na lugha hiyo ndiyo anayoitafuta. Wasipoambiwa, Kiswahili kina neno jingine kwa kazi yake, nalo ni upelelezi. Yeye anataka kuwaambia baada ya kununua. Mimi nataka bango dogo pembeni ya gunia. Mwaitu, tulipomuuliza, alisema bango litafikiriwa ni la bei.